Mwaka mmoja kwenye tovuti ya wadhamini wa motokrosi: nyota tatu

Mimi ni mama wa namba 317. Uwanjani ndilo jina langu, hakuna anayelijua lingine. Kijana wangu ana miaka 15, anashindana motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye miruko, anaendesha pikipiki ya cc 125 ya tustroki, ile ya kuchanganya mafuta kwenye petroli, na mimi ndiye dereva wa gari, mwosha chujio la hewa, mshika ubao wa ishara na, tangu mwaka jana, karani wa maombi ya udhamini. Ukarani huo ndio ulionifikisha kwenye tovuti ninayoizungumzia. Jina silitaji, maana ziko kadhaa za aina hii na zinafanana kama vifaranga.

Kazi yake ni hii. Unalipa ada ya mwaka, unamfungulia mtoto ukurasa wa wasifu: picha, daraja analoshindania, matokeo, akaunti zake za mitandao ya kijamii. Msimu ukielekea ukingoni, kampuni za vifaa hufungua maombi ya msimu unaofuata. Unabonyeza kitufe, wasifu uleule unakwenda kwa watengenezaji wa mafuta, helmeti, miwani, cheni, hata raba za usukani. Bila tovuti ungeandika barua mojamoja na kutafuta anwani ya kila mtu. Kwa hilo sina ubishi: usiku mmoja nilituma maombi 23.

Majibu yaliyorudi ni 14. Tisa wamenyamaza mpaka leo. Na katika hayo 14, sita yaliingia kabla hata sijazima kompyuta. Hongera, umekubaliwa kwenye timu! Kijana alitoka mbio chumbani kwake kama aliyeangukiwa na bahati nasibu. Nami nilifurahi, sikatai, mpaka nikajiuliza ni nani huyo aliyesoma matokeo ya msimu mzima kwa dakika nne, saa tano ya usiku.

Kumbe kukubaliwa maana yake ni kupewa namba ya siri ya punguzo. Asilimia 30 hapa, 40 pale. Kwa wazazi wageni niseme wazi, kwa sababu tovuti haisemi: wanaopewa pikipiki, spea na fundi ni vijana wachache mno, na hao hufuatwa, hawajazi fomu. Chini yao wako wanaopewa baadhi ya vifaa bure. Chini kabisa ndiko tuliko sisi wengi, wateja wa bei nafuu wenye stika. Si jambo baya. Ila lisingeitwa udhamini kwa herufi kubwa namna ile.

Fomu yenyewe imetengenezwa na mtu anayeifikiria Marekani tu. Kuna kisanduku kinachouliza kama mtoto amefuzu kwenda Loretta Lynn's, yale mashindano ya taifa ya ridhaa yanayofanyika Hurricane Mills, Tennessee, kila mwaka tangu 1982. Ukikiacha wazi, wasifu unaonyesha haujakamilika, na mstari mwekundu unakukodolea macho mwaka mzima. Pia utakutana na neno "moto" kila mahali. Mara ya kwanza niliposoma "matokeo ya moto wa pili" moyo ulinipasuka, nikidhani wanauliza ajali. Ni jina la kipindi cha mbio tu. Siku moja ya mashindano huwa na vipindi viwili, hapo kwa Loretta huwa vitatu vilivyogawanywa kwa siku kadhaa, na matokeo yote hujumlishwa.

Kujumlishwa huko ndiko kulikotugombanisha nyumbani. Fomu inauliza "nafasi bora" halafu basi. Katika mashindano makubwa ya mwaka kijana alimaliza wa nne kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili, geti la kuanzia mbio, la watu 40, likaanguka kuwaachia, kona ya kwanza mtu akaenda chini mbele yake, naye akampanda. Akainua pikipiki, akafukuza, akamaliza wa 19.

"Mama, andika wa nne."

"Wa nne wa nini?"

"Si wameuliza nafasi bora?"

Kwa hesabu wanayotumia hata kwenye ubingwa wa dunia, mshindi hupata pointi 25, wa pili 22, wa tatu 20, wa nne 18, zinashuka hivyo hadi wa 20 anayeambulia moja. Wa nne na wa 19 ni 18 na 2, jumla 20. Mtoto aliyemaliza wa kumi mara mbili, ambaye hakuna aliyemtazama siku nzima, alikuwa na 22 na akatupita. Nikaandika vipindi vyote viwili kwenye nafasi ya maelezo, herufi 200 tu walizotupa. Kijana alinuna hadi Jumapili. Tovuti inayolipisha ada ingeweza kuweka visanduku vitatu badala ya kimoja.

Sasa nije kwenye buti, maana hapo ndipo nilipoumia.

Kampuni moja ya mavazi ilitupa punguzo la asilimia 40. Nikanunua buti mpya nikijiona mjanja. Mkataba ulikuwa na kurasa tano, nikasoma mbili. Ukurasa wa nne unasema bidhaa zilizonunuliwa kwa punguzo haziuzwi kwa mtu mwingine hadi msimu uishe. Mwezi wa saba miguu ya kijana ikawa imekua saizi nzima. Wazazi wa motokrosi mnajua tunavyoishi: buti, kinga za magoti, suruali, vyote huzunguka kutoka familia moja hadi nyingine. Helmeti peke yake ndiyo sinunui mkononi mwa mtu, kwa sababu huwezi kujua imeshagonga nini. Buti za awali nilizinunua bei kamili, nikaziuza nusu bei. Kwa kila mia iliyotoka mfukoni, hamsini ilirudi. Hizi za udhamini nimetoa sitini na haikurudi hata shilingi. Punguzo limenigharimu zaidi ya kutokuwa na punguzo. Na hiyo asilimia 40 inakatwa kwenye bei rasmi ya kiwandani, ile ambayo maduka yenyewe huishusha rangi za mwaka mpya zinapoingia.

Buti zimesimama chini ya kitanda, nzuri kabisa, zinangoja msimu uishe.

Palipo na faida ni kwenye vitu vinavyokwisha. Pikipiki ya mashindano haihesabiwi kilomita, inahesabiwa saa. Tuna kimita kidogo kilichounganishwa na waya wa plagi, na sisi hubadilisha pistoni kila saa 30. Mafuta ya tustroki tunachanganya kwa uwiano wa moja kwa 40, yaani mililita 25 kwa kila lita ya petroli, na kila wiki chupa inakwisha. Chujio la hewa linaoshwa na kupakwa mafuta yake kila baada ya kuendesha, liwe limechafuka au la. Plastiki za kubandua kwenye miwani, siku ya matope, zinakwenda kama karanga. Tairi la nyuma ndiyo usiseme. Hivi vyote havina kuuzwa tena, kwa hiyo kile kifungu cha ukurasa wa nne hakikugusi. Nilipiga hesabu mwezi uliopita: punguzo la mafuta, machujio na matairi limerudisha ada ya tovuti na chenji ikabaki. Ningeanza hapo tangu mwanzo, ningekuwa naandika mengine.

Jihadharini na migongano lakini. Tovuti inakuruhusu kukubali kampuni mbili za mafuta kwa wakati mmoja, haikuonyi, na mikataba yote miwili inadai uwe wa mmoja tu. Niligundua siku ya kubandika stika. Ilinibidi nimwandikie mmoja wao kuomba radhi. Yapo pia masharti ya picha: mbili kwa mwezi, kifaa kionekane, alama ya reli (#) ya kampuni iwepo. Mtoto mwenye wadhamini wanane anadaiwa picha 16 kila mwezi, na wangu kidato kinamngoja. Tumebakiza wanne.

Kuhusu wafuasi, sehemu hiyo niipite haraka maana inanikera. Namba ya wafuasi imewekwa juu ya ukurasa, kubwa kuliko namba ya pikipiki.

Katika wote 14, mmoja tu alijibu kama mtu. Ni karakana ndogo ya cheni na sproketi. Aliandika mistari mitatu: picha za kuruka nimeziona, kila mtoto anazo, nitumie video ya kipindi kizima tangu geti linapoanguka mpaka bendera, isiyokatwa. Kijana alitaka tutume ile ya kumaliza wa nne. Nikamwambia tutume ya wa 19, ndiyo yenye kazi. Tulibishana kidogo, tukaituma. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Mtu yule alikuwa amehesabu wangapi kijana aliwapita baada ya kuanguka, akauliza kwa nini kwenye kona zenye mchanga anakaa kitini mapema, kisha akatuma seti mbili za cheni na sproketi bila malipo. Hakudai picha. Aliomba aambiwe cheni imedumu saa ngapi, na kijana anamwandikia mwenyewe, jambo ambalo shule imeshindwa kumfanyisha. Huyo nisingempata bila tovuti, kwa hiyo nyota ya tatu ni yake.

Huduma kwa wateja: niliandika mara mbili kuhusu kisanduku chenye mstari mwekundu, nikapata jibu moja, la kunishauri nijaze kisanduku.

Nitalipa mwaka wa pili, kwa ajili ya mafuta na matairi tu. Mavazi tunarudi kwa wenzetu wa uwanjani. Ila ada inajikata yenyewe ukisahau, na kitufe cha kuisitisha kimefichwa ndani ya mipangilio, chini ya "faragha", tena ni lazima ukibonyeze siku 30 kabla. Nimeiandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya gereji, pembeni ya saa za pistoni.