Biskuti za krimu za zawadi: mafuta gani yanahimili joto la Tanga?

Asalamu aleikum, watazamaji wangu, na karibuni tena jikoni kwangu hapa Chumbageni, Tanga. Biskuti za krimu zilizookwa nyumbani hupendeza sana zinapofungwa kwenye kopo la zawadi, lakini mara nyingi zikimfikia mwenyewe krimu imekwisha teleza, biskuti ya juu imekwenda upande na ya chini imelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ndiyo maana leo nimeweka mezani aina tatu za mafuta, yaani siagi ya maziwa ya ng'ombe, majarini ya kopo na mafuta mgando ya kupikia, ili tuone ni yapi yanayofaa kwa krimu.

Biskuti zenyewe hazina mambo mengi. Nimetumia gramu 100 za sukari ya unga, gramu 200 za siagi, gramu 300 za unga wa ngano, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa, nikazioka kwa nyuzi 170 kwa dakika 14. Anayeokea kwenye sufuria aweke mkaa mwingi juu ya kifuniko na mchache chini, kwa sababu biskuti hizi zina mafuta mengi na huungua upande wa chini upesi.

Sasa tuje kwenye krimu. Kila aina nimeipa gramu 100 za mafuta na gramu 200 za sukari ya unga iliyochekechwa. Ukisaga sukari ya kawaida kwenye blenda, ichekeche mara mbili, la sivyo utasikia chembechembe mdomoni.

Hii hapa ya kwanza ni ya siagi. Kwa ladha haina mpinzani, na iliki inakaa nayo vizuri mno. Tatizo lake ni kwamba siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na huwa imekwisha lainika muda mrefu kabla ya hapo, ilhali mchana wa Februari hapa kwetu joto hufikia nyuzi 32 hata kivulini. Tena karibu asilimia 16 ya siagi ni maji, ambayo biskuti huyanywa polepole hadi ikapoteza ukakamavu wake.

Ya pili ni ya majarini, ambayo nyumba nyingi huiita siagi tu, na hapo ndipo watu hukosea mapishi. Hii imesimama kuliko siagi na bei yake ni nafuu, lakini mnaona rangi yake ya njano, na chumvi yake inajitokeza hata baada ya sukari yote hiyo. Mimi siipendi kwenye krimu, ingawa kwenye keki ninaitumia bila kinyongo. Mkiinunua, someni lebo, kwani zile zenye mafuta pungufu zina maji mengi zaidi kuliko siagi yenyewe.

Ya tatu, ya mafuta mgando, ni nyeupe pepepe na imesimama imara, kwa kuwa mafuta hayo hayana maji. Viwanda navyo hutegemea mafuta magumu: krimu ya Oreo, biskuti iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1912, ilitengenezwa kwa mafuta ya nguruwe hadi miaka ya 1990, yalipobadilishwa kwa mafuta ya mimea. Kwa hiyo, ukitumia mafuta usiyoyajua, hakikisha ni ya mimea kabla hujampelekea jirani sahani ya Idi. Kasoro ya krimu hii ni kwamba haina ladha, na huacha utando kwenye kaakaa.

Ndipo nikachanganya nusu siagi na nusu mafuta mgando, gramu 50 kwa 50, nikajaza makopo mawili ya bati, moja la siagi tupu na jingine la mchanganyiko, nikayapakia kwenye basi la asubuhi kwenda Pangani kwa shangazi yangu. Safari ni kama kilomita 50. Shangazi aliyafungua tukiwa kwenye simu, akaniambia kwamba lile la siagi limekuwa uji ila ni tamu, na lile jingine kila biskuti imekaa na mwenziwe. Basi huo mchanganyiko ndio ninaoupendekeza, na mzipake krimu siku ileile ya kuzipeleka, si usiku wa kuamkia.

Makopo yenyewe yamerudi jana. Chombo hakirudi kitupu kwetu, nayo yamejaa vileja vya samli, ambavyo vimepita joto hilohilo la Pangani bila krimu na bila kulegea.