Kabla Hujanunua Cisco ASA 5506-X Iliyotumika

Watazamaji wapenzi, kifaa hiki kilicho mezani ni Cisco ASA 5506-X, ukuta moto, yaani kifaa cha kulinda mtandao, wa ofisi ndogo wenye porti nane za gigabiti na usio na feni, ambao ukiwa umeshatumika huuzwa kwa bei ya kumtoa mtu udenda. Mimi bei hiyo inanitia shaka, na sababu imo ndani ya gamba.

Prosesa yake ni Intel Atom ya familia ya C2000, iliyoingia sokoni mwaka 2013. Mwanzoni mwa 2017 Intel ilikiri, katika orodha yake ya kasoro chini ya alama AVR54, kwamba saa ya prosesa hizo inaweza kufa. Saa ninayoisema haihesabu dakika. Ni mapigo ya umeme yanayoziwezesha prosesa na chipu zinazoizunguka kwenda sambamba, na yakikoma, kifaa huzimika au hukataa kuwaka. Februari mwaka huohuo Cisco iliwatahadharisha wateja wake, bila kumtaja aliyeiuzia kipuri hicho, kwamba hitilafu zingeanza kuongezeka baada ya kifaa kufanya kazi kwa takriban miezi 18, na kwamba kikishakufa hakifufuki.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Muuzaji atakiwasha mbele yako, taa zitakuwa za kijani, nawe utaondoka umeridhika, ilhali kinachochakaa hakionekani kwa macho, na pengine utakigundua siku umeme utakapokatika na kurudi, kifaa kisirudi nao. Kusakinisha programu upya hakusaidii, kwa kuwa ubovu umo kwenye chipu yenyewe. (Wapo mafundi waliofufua hifadhi za data za Synology zenye prosesa hizohizo kwa kuchomelea rizista ya omu 100, ni kazi ya kusifiwa, lakini nisingeikabidhi ofisi ya mtu.)

Kwa hiyo usipime kwa taa. Unganisha waya wa konsoli, ule wa kukiamrisha kifaa kutoka kwenye kompyuta, andika amri «show inventory», kisha soma toleo la maunzi mbele ya herufi VID na namba ya mfululizo mbele ya SN, uvilinganishe na tangazo la Cisco, kwa sababu vifaa vilivyotengenezwa baadaye vilirekebishwa. Namba hiyo iwe ileile iliyo kwenye lebo ya chini, hii ninayowaonyesha. Lebo ikiwa imebanduliwa, mrudishie muuzaji kifaa chake.