Mume wangu aliita "ndoo", wakamletea ndoo

Nilikuwa nimeapa sitaandika chochote juu ya kituo hiki cha wazee hasira zikiwa bado moto. Nimeshindwa. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa vile sikuona mahali pa kuweka sifuri.

Vyumba vingapi, bustani, bei, daktari anakuja siku gani, hayo sitayaandika. Pigeni simu, mtajibiwa kwa sauti tamu kweli. Mie nina neno moja tu, na neno lenyewe ni ndoo.

Mume wangu ni mtu wa Lamu, mzaliwa wa Langoni. Aliendesha winchi bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo ya Mombasa Kiamu chake, Kiswahili cha kwao Lamu, hakukiacha, ila alijua pa kukificha. Kazini alisema Kiswahili cha watu wote, na mabosi aliwajibu kwa Kiingereza cha kukatakata. Maradhi haya ya kusahau yalipomwingia yakaanza kumvua hizo lugha moja moja. Kiingereza kilitangulia. Kikafuata Kiswahili cha redioni. Kilichobaki ni cha mamake. Wala si yeye peke yake, daktari alinieleza mapema kwamba wengi huwa hivyo, lugha aliyonyonya nayo mtu ndiyo hukawia kuondoka. Nami nikayasema hayo siku ya kumwandikisha. Yule binti wa mapokezi akaandika kwenye fomu: "Lugha: Kiswahili." Akapiga muhuri.

Sasa, kwa asiyejua: Lamu, na hata Mvita, Mombasa ya wazee wetu, mtu akikuita hakwambii njoo. Hukwambia ndoo. Njaa ni ndaa, njia ni ndia. Na maji, kwao Lamu, ni mai.

Jua likianza kuzama mume wangu hubadilika. Hilo nalo ni la maradhi, wengi wao jioni huwachafuka. Huhangaika, hutafuta watu, hutaka kwenda kwao na hasemi kwao wapi. Tulipokuwa nyumbani aliita tu, "Ndoo! Ndoo!", nami niliacha chapati kwenye moto nikaenda. Hakuwa na haja ya kitu. Alinishika hapa kwenye kifundo cha mkono, tukakaa, giza likiingia vizuri ashatulia. Dawa yake ilikuwa hiyo, na chapati zilizoungua.

Kituo kiko nje kidogo ya Nairobi, karibu na kwa binti yetu. Mie naishi Mombasa. Kwa hiyo ni treni ya asubuhi kutoka Miritini, tikiti 1,500, siku hizo ilikuwa imeshapanda kutoka 1,000, na ukifika Syokimau bado una safari nyingine ya kuvuka jiji zima. Nilikuwa nikimkuta alasiri, ametulia, amekogeshwa, ananukia poda. Nilikaa saa moja unusu kwenye ukingo wa kitanda, maana kiti cha mgeni hakuna, kila ukiomba unaambiwa kinaletwa. Kisha naondoka kabla ya foleni za jioni. Nikirudi kwa binti yangu nasema, alhamdulillahi, tumepata mahali.

Siku moja, baada ya Ramadhani hivi, tulichelewa kuingia. Magharibi ikatukuta pale. Nipo kwenye kikorido nasikia sauti yake. "Ndoo!" Moyo ukanipasuka kwa furaha, wallahi, nikajua ananiita mie. Kabla sijafika mlangoni akanipita msichana mmoja mbio, ana ndoo ya plastiki ya buluu, ya mkono wa waya. Akaiweka katikati ya miguu ya mume wangu. Akamshika kisogo akamwinamisha, kama mtu anayetaka kutapika.

Mume wangu akatazama ndani ya ndoo. Akamtazama msichana. Akaisukuma ndoo kwa mguu, taratibu, kwa adabu kabisa. Akasema tena, "Ndoo."

"Si hii hapa, guka!"

Nikauliza, haya yameanza lini? Tangu aje, shosho, anapenda sana ndoo. (Guka na shosho ni babu na bibi kwa Kikuyu. Mie si shosho wa mtu. Kwetu mtu mzima huitwa mama, au bi. Lakini hilo tuliache.) Nikataka faili. Limeandikwa, kwa Kiingereza safi, kwamba mgonjwa huomba ndoo kila jioni, hatapiki, hakojoi ndani yake, hukasirika akipewa. Mtu ameandika hayo, ametia sahihi, akaenda zake nyumbani. Mwengine juu yake akaamua basi hiyo lazima ni haja ndogo, hajui kuisema, afungwe pampas. Mume wangu, ambaye nyumbani ukimshika mkono ukamwongoza chooni alijimaliza mwenyewe! Na mtu akishazoeshwa pampas ile hisia ya kwenda hupotea, kuirudisha ni kazi. Na hizo pampas walikuwa wakiniletea bili yake mwisho wa mwezi. Nikilipa kwa M-Pesa. Tena nikiwaandikia "asanteni kwa kumtunza".

Nikaenda kwa meneja. Nilieleza polepole kama darasa la tatu: ndoo ni njoo. Alinisikiliza hali anatazama simu yake, kisha akasema neno ambalo mpaka leo likinijia usiku naamka nakaa:

"Lakini mama, kwani yeye anajua anachosema?"

Ndiyo, dada yangu. Anajua. Katika jengo lako zima alikuwa ndiye peke yake anayejua anachosema.

Hapo sasa nikitulia kidogo naona aibu yangu nami. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi zaidi ya miaka 30. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, na mkutano uliokichagua ulikaa Mombasa hapa hapa, 1928. Mie ndiye niliyekuwa nikipita na kalamu nyekundu. Mtoto wa Kibokoni akiandika "ndoo hapa" nampiga msalaba, nampokonya maki, namwambia ndoo ni ya kutekea maji. Yule msichana wa kituoni, kwa umri wake, amefundishwa na kina mimi. Ameelewa sawasawa na nilivyofundisha. Lakini sikumsamehe siku ile, na sijui kama nimemsamehe leo.

Mtauliza, kwa nini usimtoe? Binti yangu ameuliza hilo kabla yenu. Nyumbani alikuwa akitoka usiku. Mara ya mwisho alipatikana alfajiri karibu na Likoni feri, kavaa kikoi na viatu vyangu, anasubiri jahazi. Mie magoti yangu hayakimbizi mtu tena. Majirani wana lao. Kuna mmoja, mtu wa swala tano, amesema barazani nimekaa eda na mume yu hai. Akija kuomba sukari nampa, namtilia na iliki. Asubuhi bado natoa vikombe viwili vya kahawa, nakumbuka nikishamimina, nakinywa na cha pili. Presha imepanda kwa sababu ya kahawa hizo, si kwa maneno ya mtu.

Basi siku ile ile ya ndoo nilikuwa nishamwambia binti yangu akalete gari, tunamtoa, tutajua mbele. Nafunga nguo zake. Yule bwana ndani akaanza tena, "Ndoo! Ndoo!", na kutoka upande wa jikoni nikasikia sauti ya kiume: "Naya, mzee! Naya!"

Nikaacha kukunja. Mtu aliyeitikia ni mpishi. Mkamba wa Kitui, aproni imejaa unga, ameingia anapangusa mikono. Akakaa kitandani, akatoa kifundo cha mkono wake mwenyewe bila kuombwa. Mume wangu akakishika. Akashusha pumzi.

Kumbe huyu bwana alipika hotelini Shela miaka kadhaa. "Mama, kule Lamu kila mtu ni ndoo, ndoo. Nilijua ananiita." Kila jioni akiweza kuacha sufuria huja, na akiwa na wageni wengi jikoni haji, na siku hizo ndizo za ndoo ya buluu. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wenzake. Akacheka kidogo. Mpishi haandiki kwenye faili, akasema. Hakuna aliyemuuliza.

Nikafungua mkoba, nikarudisha nguo kabatini. Kwa hiyo ile nyota moja nilioandika juu ni ya mpishi, na kwake yeye ingekuwa tano, na kwa meneja ningeomba zirudishwe nilizompa moyoni siku ya kwanza. Hesabu yake sijui mnaifanyaje. Wekeni mbili. Ukiwa na mgonjwa wako msikilize anavyosema sasa, si alivyosema zamani, kisha nenda kaulize jikoni kabla ya ofisini.

Niliandika karatasi kwa maandishi makubwa, yale ya ubaoni, nikaibandika juu ya kitanda: ndoo ni njoo, mai ni maji, ndaa ni njaa, ndia ni njia. Nilirudi baada ya wiki mbili tatu, nikaingia jioni kwa makusudi. Karatasi ipo, imetiwa plastiki. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu, mwandiko wa kitoto: "naya = nakuja". Pampas bado, mchana wanamjaribu chooni, usiku hapana. Meneja alinipita kwenye kikorido akaniita Bi Mwalimu, sijui nani kamfundisha. Labda mbili na nusu.

Kiti cha mgeni hakijaletwa. Ndoo ya buluu ilikuwa bado chini ya kitanda, kavu, haijawahi kutumika. Nikaivuta, nikaigeuza kichwa chini, nikaikalia. Akanitazama kwa muda, akanyoosha mkono kutafuta wangu.

"Ndoo," akasema.

"Nishakuya," nikamwambia.