Epoksi na kitambaa cha faiba kwenye plastiki za jetiski kuukuu: uzoefu wangu

Nina jetiski ya watu watatu, ya mwishoni mwa miaka ya 1990, injini ya tu-stroki, na ninaiendeshea upande wa Entebbe. Injini haina neno. Plastiki ndizo zinazonimaliza: kifuniko cha mbele, vishikio vya vioo vya pembeni, mfuniko wa kisanduku kilicho mbele ya dereva, na yale masikio madogo yanayopitisha skrubu. Plastiki za umri huo ukizibonyeza zinalia kwanza. Ukiongeza nguvu kidogo, zinakatika. Vipuri vipya havipo dukani Kampala, na kuagiza kifuniko kimoja kutoka nje kunagharimu zaidi kwa usafiri kuliko kwa kifuniko chenyewe. Kwa hiyo nimezitengeneza kwa epoksi ya kopo mbili (gundi ya rezini na kikaushio vinavyochanganywa) na kitambaa cha faiba, na naandika haya kwa sababu nimeridhika nayo, ila si kwa kila plastiki.

Kwanza tuelewane kuhusu adui. Ziwa letu, Viktoria, ni maji baridi, chumvi haipo, ndiyo maana vyuma vya jetiski za huku hudumu kuliko vya Mombasa. Lakini ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Entebbe haifiki hata digrii moja kutoka ikweta. Jua linashuka wima. Vifuniko vingi ni vya ABS, aina ya plastiki ngumu, na ndani ya ABS kuna sehemu ya mpira inayoipa plastiki uwezo wa kupinda bila kuvunjika. Mwanga wa jua na hewa hula huo mpira kwanza. Juu panapauka na kutoa unga ukipitisha kidole, kisha nyufa nyembamba zinaanzia hapohapo na kuingia ndani. Ongeza mtikisiko wa injini, mawimbi ya alasiri, na fundi aliyewahi kukaza skrubu mpaka mwisho wa nguvu zake, utapata ufa uliotapakaa kama utando wa buibui kuzunguka kila tundu.

Aliyekuwa nayo kabla yangu alipaka silikoni kwenye nyufa zote. Silikoni inaziba maji, haibebi mzigo, na mbaya zaidi inaacha mafuta ambayo gundi nyingine yoyote itayakataa. Kuiondoa kulinila muda kuliko kazi yenyewe: kukwangua kwa kisu, kupangusa, kupiga msasa, kupangusa tena. Ukinunua jetiski kuukuu na kuona silikoni, punguza bei.

Niliyempelekea kifuniko mara ya kwanza ni fundi wa boti za faiba pale Ggaba, kando ya ziwa huko Kampala. Alikigeuza, akapitisha kidole upande wa ndani, akaniambia, "Mzee, hii haitaki gundi. Inataka nguo nyuma." Maneno hayo ndiyo nimeyafuata mpaka leo. Gundi inayowekwa ndani ya ufa peke yake inashika kingo mbili nyembamba sana, na mtikisiko unazitenganisha tena. Kitambaa kilicholowa epoksi na kubandikwa upande usioonekana kinasambaza mzigo kwenye eneo pana, na ufa wenyewe unabaki kuwa mstari tu juu yake.

Lakini kabla ya kununua chochote, jua plastiki yako ni ipi. Geuza kipande utafute herufi zilizogongwa ndani: ABS, PP (polipropilini) au PE (polithini). Kama hazipo, chukua kibanzi kidogo ukiweke kwenye glasi ya maji. ABS tupu inazama, polipropilini na polithini zinaelea. Au dondoshea asetoni mahali pasipoonekana: ABS inalainika na kunata, hizo nyingine hazijali. Jambo hili linaamua kila kitu, kwa sababu epoksi inaishika ABS iliyokwanguliwa vizuri, lakini kwenye polipropilini na polithini inabanduka nzima nzima, safi, utadhani ilipakwa sabuni. Mfuniko wa kisanduku changu ni polipropilini. Huo sikuupaka epoksi. Niliutengeneza kwa riveti na kipande cha alumini, nikaweka mpira wa tyubu kuukuu katikati ili alumini isikwangue.

Kwa zile za ABS, kazi inakwenda hivi. Nafungua kipande chote kutoka kwenye chombo; sifanyi kazi ya asetoni karibu na tangi la petroli. Naosha kwa maji na sabuni, nakausha, ndipo napangusa kwa spiriti. Kila mwisho wa ufa natoboa tundu la milimita 3, maana ufa ukifika kwenye tundu la mviringo unakosa ncha ya kusonga nayo. Upande wa ndani napiga msasa namba 80 mpaka mng'ao wote umeisha, upana wa vidole vitatu kila upande wa ufa. Kama kuna pengo, nalijaza kwa uji wa ABS: vibanzi vya kifuniko hichohicho, vilivyoloweshwa kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo usiku kucha. Uji huo unayeyusha kingo na kuwa kitu kimoja nazo. Uupe muda wa kutosha ukauke, asetoni yote itoke, kabla ya kufunika kwa epoksi.

Kitambaa nakitumia cha kufumwa, ule ufumaji unaoonekana kwa macho. Ile faiba nyingine ya nyuzi zilizotapakaa, inayopendwa na watengeneza boti, imeshikiliwa kwa kiunganishi ambacho kwa kawaida kinasubiri kuyeyushwa na stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye rezini ya polista (ile gundi ya kawaida ya boti za faiba). Epoksi haina stairini, kwa hiyo nyuzi zinabaki ngumu na hazilali kwenye kona. Muuzaji atakuambia zote ni faiba tu. Wewe sisitiza ya kufumwa.

Napaka epoksi kwanza kwenye plastiki, nalaza kitambaa, kisha nakigonga taratibu kwa ncha ya brashi. Kitambaa kikavu ni cheupe. Kikishalowa sawasawa weupe unapotea kabisa na unaona plastiki chini yake. Popote palipobaki weupe, pana hewa, na hapo ndipo patakapoachia. Naweka tabaka mbili au tatu, kila moja pana kidogo kuliko iliyotangulia, ili kiraka kiishie kwa wembamba. Huu si urembo. Sehemu ngumu ikikutana ghafla na plastiki laini, ufa mpya unazaliwa hasa kwenye mpaka huo. Nimeona viraka vya bati vilivyopigwa riveti kwenye ABS, vimeshikilia ufa wa zamani vizuri kabisa huku plastiki ikikatika mstari mzima pembeni mwa bati.

Sasa kuhusu epoksi zenyewe. Zile za dakika tano, za mirija miwili, zinapatikana kila duka la vifaa, na nimezijaribu kwenye vipande vya pembeni kabla ya kuzigusisha kifuniko. Zinafaa kushikilia kitu mahali pake wakati unaandaa kazi ya kweli. Hazipati muda wa kulowesha kitambaa, na kifuniko cheusi kikikaa juani zinalainika. Epoksi ya polepole, inayohitaji karibu siku nzima kukauka, ndiyo inayostahili pesa yako. Rezini ya polista ni rahisi zaidi kwa bei na mafundi wengi wameizoea, ila harufu yake inajaza nyumba nzima na mshiko wake kwenye plastiki ya zamani ni dhaifu ukilinganisha. Kwa boti nzima ya faiba, polista ni sawa. Kwa sikio la skrubu lenye ukubwa wa kucha, lipa epoksi.

Mambo mawili ya hali ya hewa yetu ambayo maelezo kwenye kopo hayakazii vya kutosha. Joto la mchana linaharakisha epoksi; ukichanganya nyingi ndani ya kikombe kirefu inajichemsha yenyewe, inatoa moshi, na kuwa jiwe mkononi. Changanya kidogo kidogo, imwage kwenye kisahani bapa, na ufanye kazi asubuhi mapema. La pili ni unyevu wa ziwani. Asubuhi yake utakuta juu ya epoksi utando wa mafuta-mafuta unaoteleza. Huo unatoka kwa maji ya vuguvugu na dodoki, si kwa msasa, kwa sababu msasa unausambaza. Usipouosha, tabaka linalofuata au rangi yako haitashika.

Matundu ya skrubu ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Nilijaza tundu lote lililopasuka kwa epoksi iliyochanganywa na nyuzi za faiba zilizokatwa fupi kwa mkasi, nikaacha ikauke kabisa, kisha nikatoboa upya. Juu nikaweka washa (vile visahani vya chini ya kichwa cha skrubu) pana za chuma kisichoshika kutu kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, na chini ya kila washa duara la mpira wa tyubu. Skrubu naikaza kwa mkono mpaka mpira unaanza kubonyea, basi. Nimepiga mawimbi mengi tangu hapo, pamoja na yale ya kurudi kutoka visiwani upepo ukiwa umechafuka, na hakuna hata sikio moja lililoachia.

Kasoro ipo pia. Epoksi yenyewe haipendi jua: inageuka njano, kisha inatoa unga. Ni lazima kila palipo wazi pafunikwe kwa rangi. Kipande kinaongezeka uzito kidogo, na vishikio vya vioo havirudi kuwa vyembamba kama vilivyotoka kiwandani. Kimoja nilikikwangua sana ndipo kikaingia mahali pake. Vumbi la faiba linawasha ngozi na halifai kuingia mapafuni, kwa hiyo glavu, mikono mirefu na barakoa ni sehemu ya gharama. Na usijaribu njia hii kwenye tangi la mafuta au kitu chochote cha usukani. Tangi nyingi ni za polithini, epoksi haitazishika, na mvuke wa petroli unaokusanyika chini ya kifuniko hauhitaji zaidi ya cheche moja. Kwa sababu hiyohiyo, unapoimarisha kifuniko cha injini acha matundu yote ya hewa wazi.

Gharama yote, kitambaa, epoksi, msasa, rangi na washa, haikufika nusu ya kuagiza kifuniko kimoja, na bado nina kitambaa cha kutosha kumpa jirani yangu wa Kigungu mwenye jetiski ya umri uleule. Kama nawe unayo, anza na vipande ambavyo bado havijapasuka: kiraka cha ndani kwenye plastiki nzima ni kazi ya asubuhi moja. Ukienda kununua, omba kikaushio cha polepole, angalia kopo zote mbili zina uwiano wa kuchanganya ulioandikwa, na upime uwiano huo kwa mizani au vikombe, si kwa jicho. Kopo lisilo na uwiano liache dukani.