Kozi ya Jioni ya Utangulizi wa Saikolojia, Ganjoni: Kumbukumbu Imetendewa Haki, Afya ya Akili Bado

Kozi hii fupi, inayotolewa na kituo kimoja cha mafunzo mtaani Ganjoni, inawalenga walimu, wazazi na vijana waliomaliza sekondari, na kwa upande wa kumbukumbu sijapata hapa Mombasa mafundisho yaliyo wazi kuliko haya. Mwalimu hakutosheka kututajia kumbukumbu ya muda mfupi na ya muda mrefu. Alitueleza kisa cha Henry Molaison, Mmarekani ambaye mwaka 1953, katika upasuaji wa kutibu kifafa, aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani sehemu za ndani ya ubongo zinazosaidia kuhifadhi kumbukumbu, za pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi matukio mapya, ilhali ustadi wake wa kuchora nyota huku akitazama kioo uliimarika siku hata siku, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuufanyia mazoezi. Kwa kisa hicho tulielewa kwamba kukumbuka tukio na kujua kutenda jambo havitegemei sehemu moja ya ubongo.

Somo la kusahau nalo lilinifaa sana. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejipima kumbukumbu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba mengi hupotea mapema, kisha upotevu hupungua kasi, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hushinda kurudia kwa mfululizo. Walimu wetu wa madrasa, wanaosimamia muraja'a, yaani kurudia yaliyokwisha kuhifadhiwa, kila siku, watalitambua jambo hili mara moja.

Kwa bahati mbaya, afya ya akili ilibanwa katika kipindi cha mwisho. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi uliopindukia vilisomwa kama orodha ya dalili, bila nafasi ya kujadili mzazi afanye nini mtoto anapoacha kula na kulala huku jamaa wakisisitiza kwamba ana jini. Hata sheria haikuguswa, ilhali mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, habari ambayo familia yenye mgonjwa inastahili kuijua ili isiogope kutafuta matibabu.

Kwa mwalimu wa shule au wa madrasa, naipendekeza kozi hii bila kusita. Anayetafuta mwongozo wa kumuuguza mtu wake nyumbani asubiri kwanza hadi kituo kiongeze vipindi na kumwalika muuguzi wa afya ya akili, azungumze na wazazi ana kwa ana.