Nani awateue wajumbe wa kumchagua rais: bunge la jimbo au wananchi?

Katiba ya Marekani iliyaachia mabunge ya majimbo uamuzi huo. Mwaka 1789 Pennsylvania na Maryland ziliwapa wananchi kura. Connecticut na Georgia ziliteua bungeni.

Njia ya bunge ilikuwa nyepesi: watu wachache, ukumbi mmoja, kazi imekwisha. Lakini mabaraza mawili ya bunge yakivutana, jimbo zima hunyamazishwa. Ndivyo ilivyoipata New York mwaka huo huo: ilikosa hata mjumbe mmoja wa kumpigia kura George Washington. Mwaka 1800 chama cha Thomas Jefferson, mgombea urais, kilishinda bunge la New York, kikajihakikishia wajumbe wote 12. Alexander Hamilton, kiongozi wa chama pinzani, akamsihi gavana John Jay aliitishe bunge lililokuwa linamaliza muda wake, libadili kanuni ili wananchi wachague kwa wilaya. Jay alikataa, na naamini alitenda haki. Hata kanuni njema haibadilishwi baada ya matokeo kujulikana.

Kura ya wananchi nayo iliwabagua wanawake na watumwa. Hata hivyo, ilimnyima mshindi wa bunge nafasi ya kubeba urais mfukoni, na kufikia 1832 ni South Carolina pekee iliyobaki na njia ya zamani, hadi 1860.