Ngoma za karnivali: Rio au Salvador?

Rio de Janeiro, Brazil, ngoma zina uwanja wao: Sambódromo, uliosanifiwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984. Wapigaji zaidi ya 200 hufuata ishara za kiongozi mmoja. Surdo (ngoma kubwa ya besi) ya kwanza ikilia, ya pili inaitikia, ya tatu inachombeza katikati. Inasisimua mno, na nyuma yake kuna miezi ya mazoezi mtaani. Ila mtazamaji amekaa jukwaani, na tiketi kainunua.

Huko Salvador, mji mwingine wa Brazil, kundi la ngoma la Olodum, lililoanzishwa mtaa wa Pelourinho mwaka 1979, hupita katikati ya watu. Ndiyo, washiriki wenye sare wamelipia na wamezungushiwa kamba, lakini nje ya kamba umati hucheza bure, bega kwa bega. Tena kundi lina shule inayofundisha watoto ngoma. Mimi nachagua Salvador.